Jina la Angani, Riziki ya Kondeni

Kulisifia jina ni kazi nyepesi. Kuuliza nani alilitoa, akiwa amesimama wapi na akitazama nini, ndiyo kazi yenye faida. Hoja hiyo ndiyo inayogombaniwa hapa, na wagombanaji ni watatu walio ndani ya droo moja huko Tring, mji mdogo wa Uingereza ambako Makumbusho ya Historia Asilia ya London huhifadhi ngozi za ndege. Wa kwanza ni kipozamataza wa Ulaya, ndege wa rangi ya udongo, kifua chenye michirizi, tumbo limejazwa pamba na pamba nyingine inachungulia palipokuwa na macho. Wa pili ni kipozamataza wa Athi, mdogo zaidi, aliyetoka nyanda za kusini mwa Kenya. Wa tatu ni Lebo, kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwa uzi kwenye mguu wa yule wa Ulaya, kikiwa na maandishi ya wino: Alauda arvensis Linnaeus, 1758. Lebo hajawahi kuruka, kuimba wala kutaga, lakini bila yeye hakuna ajuaye aliyelazwa pale ni nani. Na kama makarani wengi wa daraja lake, amekwisha kuamini kwamba ndege ni kiambatisho na yeye ndiye faili.

MZEE ALAUDA: Binti, sogea kidogo, unanikunja bawa. Najua kwenu mmezoea kulala popote, lakini hapa umewekwa karibu na jina kubwa. Alauda! Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi, alilitaja katika karne ya kwanza. Kabla yake Julio Kaisari aliunda jeshi zima la Wagauli, Jeshi la Tano, nalo likaitwa Alaudae, yaani Vipozamataza. Wasomi wa zamani wakalipekua jina hilo, wakaona ndani yake laus, neno la Kilatini la sifa, kwa kuwa nikipaa alfajiri namsifu Muumba. Wengine wakasema hapana, ni Kikelti, na maana yake ni wimbo mkuu. Mwaka 1820 mshairi Shelley akanitungia shairi kule Italia, na mwaka 1914 mwanamuziki Vaughan Williams akaanza kunitungia muziki wa fidla. Wote hao wana haki. Nitajie ndege wa gramu 40 hivi anayepanda wima hadi karibu mita 100, akabaki palepale akipigapiga mabawa na kuimba dakika kadhaa mfululizo bila kuvuta pumzi inayosikika. Mimi ni wa juu, binti, na jina langu ni la juu.

BI ATHI: Shikamoo, mzee. Nasogea. Nimekusikiliza kwa adabu, basi niruhusu niulize kwa adabu hiyohiyo. Huyo Plinio uliyemwita shahidi ndiye anayekuangusha. Anasema ndege huyo kwanza aliitwa galerita kwa sababu ya kishungi chake, baadaye akaitwa alauda kwa neno la Wagauli. Sasa neno likiwa la Wagauli, haliwezi kuwa limezaliwa na sifa ya Kilatini. Kufanana kwa sauti si undugu. Tena mwenye kishungi cha kuonekana toka mbali ni binamu yako, ambaye leo anaitwa Galerida cristata. Wewe kishungi chako ni kifupi, huonekana zaidi ukikisimamisha. Huenda basi hata hilo jina kubwa ulivalishwa tu, na lilishonwa kwa kipimo cha mwenzio. Ule wimbo mkuu wa Kikelti nao ni tafsiri tamu iliyotolewa na watu waliokwisha kukupenda kabla ya kufungua kamusi. Na kuhusu jeshi, enzi za Augusto Jeshi la Tano lilinyang'anywa na Wajerumani sanamu yake ya tai, aibu kubwa kuliko zote kwa askari wa Kirumi. Jina lako halikuwasaidia kitu. Sikatai kwamba unaimba. Nakataa kwamba wimbo wako umo ndani ya jina. Na liko jambo linalonishangaza zaidi: umetaja Warumi, wasomi, mshairi na mwanamuziki, ilhali jina lako lina maneno mawili, na hilo la pili hujaligusa hata kwa ncha ya ukucha.

KARANI LEBO: Samahanini, waheshimiwa. Mnabishana nje ya utaratibu, na mwenye utaratibu ni mimi. Jina la kisayansi halina wajibu wa kusema kweli. Linnaeus alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, alitaka kila mnyama awe na maneno mawili badala ya sentensi nzima ya Kilatini, ili mtu wa Uppsala na mtu wa Paris wajue wanamzungumzia kiumbe yuleyule. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, kifungu cha 18, zinasema wazi kwamba jina halifutwi eti kwa kuwa halimfai mwenye nalo. Ndiyo maana yuko ndege wa peponi huko New Guinea anayeitwa Paradisaea apoda, yaani asiye na miguu: ngozi zilizofika Ulaya zilikuwa zimeondolewa miguu na waliozitayarisha. Miguu anayo, na jina linabaki. Hata hiyo jenasi yako, mzee, Linnaeus alimsomba kila mwenye rangi ya udongo na kumtumbukiza humo. Waliitwa Alauda ndege ambao leo wako kwenye jenasi ya Anthus, na hata Alauda magna wa Marekani, ambaye wataalamu walikuja kugundua si wa familia yenu kabisa, wakamhamishia Sturnella. Na wewe, binti, unaitwa athensis. Wangapi wamelisoma jina hilo wakakutafuta Ugiriki? Maana ya jina ni burudani ya wastaafu. Kazi ya jina ni kuonyesha, basi. Na mwonyeshaji ni mimi.

BI ATHI: Karani, hayo ya kifungu cha 18 nayakubali yote, tena yananifaa. Kwamba jina halilazimiki kuwa kweli haina maana kwamba kila jina ni uongo. Ina maana tu kwamba lazima lihojiwe kama shahidi yeyote. Tuanze na langu. Richard Bowdler Sharpe aliniandika mwaka 1900, na hilo athensis ni Athi, nyanda zilizo kusini mashariki mwa Nairobi. Angetaka kusema Athene angeandika atheniensis. Anayesoma maana bila kuuliza mahali atapanda ndege kwenda Ugiriki. Anayeuliza mahali atanikuta. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini anaweza kuambiwa aulize. Sasa mhoji apoda: shahidi aliona ngozi, hakumwona ndege, basi ushahidi wake unahusu biashara ya ngozi. Mhoji magna: shahidi aliamini rangi na umbo, basi ushahidi wake unahusu mipaka ya macho yake. Hata nilipotolewa Calandrella nikatiwa Alaudala, yaani Alauda mdogo, ushahidi wenyewe haunihusu mimi. Unahusu watu waliozoea kuanza hesabu kwa ndege wa kwao. Familia yetu ina spishi zipatazo 100, zaidi ya nusu zinaishi Afrika, lakini yote inaitwa Alaudidae kwa heshima ya mzee huyu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiimba karibu na dirisha la waandishi. Kila jina, Karani, lina habari. Kosa ni kudhani kila mara habari hiyo ni ya aliyeitwa. Sasa tumhoji arvensis. Neno lenyewe latoka arvum, konde lililolimwa, na nyuma yake kuna arare, kulima. Shahidi ni mtu wa Uswidi, nchi ambako ndege huyu anaonekana mashambani kila mwaka akirudi kutaga. Hakuandika wa angani. Hakuandika mwimbaji. Aliandika mahali alipomwona akishuka.

MZEE ALAUDA: Konde! Yaani miaka yote hii nimebeba mguuni jina la mkulima?

BI ATHI: Si la mkulima peke yake, mzee. Miaka 5 kabla yako, katika kitabu chake cha mimea cha 1753, Linnaeus alikuwa amekwisha kuligawa neno hilo kwa wengine. Yuko Convolvulus arvensis, ule mtambaazi unaojisokota kwenye shina la ngano. Yuko Sinapis arvensis, haradali ya mwituni yenye maua ya njano. Yuko na ule wa miiba ambao leo huandikwa Cirsium arvense. Hao ndio mnaoshiriki nao jina, na mkulima ana neno moja tu kwa wote: magugu.

MZEE ALAUDA: Mimi na magugu ukoo mmoja! Basi nami nina pingamizi, na si la hasira tu. Babu zangu waliishi kwenye nyika za wazi kabla binadamu hajajua jembe. Mpaka leo wapo ndugu zangu kwenye malisho, kwenye nyasi za vilimani na kwenye matuta ya mchanga pwani, ambako hakuna aliyewahi kulima. Kuniita wa konde ni kunifunga kwa historia ya mtu mwingine. Afadhali Alauda, jina lisilosema kitu, kuliko arvensis linalosema nusu.

BI ATHI: Pingamizi hilo lina uzito, mzee, na sitalikwepa. Ni kweli wewe ni ndege wa mahali pa wazi kwanza, na wa konde baadaye. Ulaya ya Magharibi ilipokatwa misitu ili ngano ipandwe, nyika ilikufuata ulipo, ukahamia mashambani kwa wingi kwa sababu konde lilifanana na ulichokizoea: ardhi wazi, mimea mifupi, hakuna mti wa kumficha kipanga. Kwa hiyo arvensis halisemi asili yako. Linasema mkataba wako. Na mkataba hujulikana vizuri zaidi siku unapovunjwa. Wewe hujengi juu ya mti, wala ukingoni. Tago lako ni kijibakuli cha nyasi juu ya ardhi tupu ya wazi, na linataka mimea isiyokuzidi sana, isiyosongamana. Ili idadi yenu isipungue, jike sharti alee vifaranga mara 2 au 3 kwa msimu mmoja, kuanzia Aprili hadi Julai. Zamani nafaka nyingi Uingereza ilipandwa Machi na Aprili. Mwezi Juni bado ilikuwa fupi, nanyi mliingia. Kisha wakulima wakahamia kupanda Septemba na Oktoba. Ngano hiyo ifikapo Mei ni ukuta. Mnataga mara moja, ya pili mnakosa pa kuingilia, mnabaki kwenye njia za matairi ya trekta, ambako mbweha hupita na magurudumu hupita. Na kwa kuwa mbegu mpya huingia ardhini mara tu baada ya mavuno, yale mabua yaliyokuwa yakibaki shambani majira ya baridi yametoweka pamoja na punje zilizodondoka, chakula chenu cha Januari. Dawa ya magugu ikamaliza wenye jina lako, na wadudu waliokula majani yao, ambao ndio vifaranga hulishwa. Umeona, mzee? Ukoo uliouonea haya ndio uliokuwa ukikulisha. Kati ya miaka ya 1970 na 1990 idadi yenu nchini humu ilishuka kwa zaidi ya nusu. Anga halikupungua hata shubiri.

KARANI LEBO: Napenda iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba binti anatia chumvi. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka Alauda arvensis kwenye daraja la wasio na wasiwasi mkubwa. Ameenea kutoka Ulaya hadi Asia ya mashariki, na watu wa Uingereza walimpeleka hata New Zealand katika karne ya 19. Huyo si ndege wa kuliliwa. Zaidi ya hapo, mkulima ana midomo ya kulisha, wala si mdomo wa ndege. Kupanda Septemba kunampa mavuno makubwa zaidi. Mtamwendea na neno la Kilatini mkononi, mumwambie arvum, arare, naye aache trekta? Ndege hawaokolewi na etimolojia.

BI ATHI: Orodha ya dunia ni ya kweli, na orodha nyekundu ya Uingereza, ambayo nayo imemweka mzee huyu ndani, ni ya kweli vilevile. Moja inauliza kama spishi itatoweka duniani. Nyingine inauliza kama kijiji hiki kitamsikia mwakani. Asiyehofiwa kutoweka duniani anaweza kutoweka hapa, na kule New Zealand hakumrudishii mtu wa Cambridgeshire wimbo aliouzoea. Kuhusu mkulima, umesema haki: hana deni la Kilatini. Lakini tazama kilichofanyika pale watu walipoacha kumtafuta ndege huyu mawinguni wakamtafuta kondeni. Shirika la kulinda ndege la Uingereza, RSPB, lilinunua shamba la kawaida huko Cambridgeshire, Hope Farm, likaanza kulima humo ngano ya kuuza kama jirani yeyote. Moja ya njia zilizojaribiwa ni hii: dereva wa trekta anapopanda, anainua mashine ya kupandia kwa sekunde chache, kinabaki kiraka kisichopandwa cha kama mita 4 kwa 4, kisha anaishusha na kuendelea. Viraka 2 kwa kila hekta vinatosha. Piga hesabu, Karani, wewe unapenda hesabu: mita 32 za mraba kati ya 10,000, karibu theluthi moja ya asilimia moja ya shamba. Ngano inakua ukuta wake, mkulima anavuna, na mzee ana mlango wa kuingilia Juni. Mashamba yaliyoachiwa viraka yalitoa makinda wengi zaidi kuliko yasiyoachiwa, na serikali ikaweka malipo kwa wakulima wanaokubali. Hakuna aliyemfundisha dereva yule neno arvensis. Lakini alichofanya kwa mkono wake ni kile neno lilichokuwa likisema tangu 1758, na ambacho washairi wengi na watungaji wa fidla hawakukitaja.

MZEE ALAUDA: Usiwatupie washairi lawama yote, binti. Walionipenda walinipenda kweli. Asingenisifia mtu, nani angeona haja ya kununua shamba?

BI ATHI: Pendo lina kazi yake, mzee, silikatai. Ndilo lililochangisha fedha. Lakini pendo lisilotazama chini halizuii kisu. Katika karne ya 19 Waingereza waliohifadhi shairi la Shelley kabatini waliwala wenzako kwa maelfu, wakiuzwa sokoni London wakiwa wamefungwa mafungu, na mji wa Pithiviers nchini Ufaransa ulipata jina kwa andazi la nyama yenu. Mlaji na msifiaji walikuwa mara nyingi mtu mmoja, asubuhi akisikiliza, jioni akitafuna, na hakuona mgongano, kwa kuwa yule wa angani alikuwa wazo na yule wa sahanini alikuwa ndege. Hatari ya jina la juu ndiyo hiyo: linamwinua mwenyewe mpaka hakuna anayejiona na wajibu kwake. Waswahili walikwisha kusema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Wewe kule juu unaelea kwa dakika kadhaa. Kilichokuunda ni buibui, mbegu za haradali ya mwituni na futi kadhaa za udongo usiofunikwa. Nami nasema haya bila kujitoa. Nyanda zangu za Athi na Kapiti zinakatwa vipande kwa seng'enge, nyumba na viwanda, na siku wakija kunililia watalia kwa jina la mji wa Ugiriki. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba jina lisomwe mpaka mwisho wake na lipimwe na mahali pake. Si kwa kuwa lina uchawi, ila kwa kuwa nusu yetu ya pili ndiyo anwani, na msaada hauwezi kumfikia asiye na anwani.

KARANI LEBO: Hotuba nzuri. Lakini utaratibu ni utaratibu. Jenasi hutangulia na huanza kwa herufi kubwa; spishi hufuata na huanza kwa herufi ndogo. Alauda itabaki mbele, arvensis nyuma. Hilo halibadilishwi na droo.

BI ATHI: Hakuna aliyekuomba ulibadilishe. Nakuomba ugeuke tu. Wewe, Karani, una pande mbili kama karatasi yoyote, na mwenye kumkamata ndege huandika mahali na tarehe. Upande wako wa nyuma unasemaje?

KARANI LEBO: Upande wa nyuma hauna hadhi ya kisheria katika uteuzi wa jina.

MZEE ALAUDA: Karani, mguu ni wangu. Soma.

KARANI LEBO: Imeandikwa, kwa penseli, tena kwa mwandiko mbaya: dume, mwezi wa nne, shamba la shayiri.

BI ATHI: Asante. Basi kanuni ziulinde upande wa mbele, maana bila huo hatutajua tunamzungumzia nani. Huo wa nyuma apelekewe mwenye trekta, na apelekewe pamoja na malipo.